Robo Robo

Kijana wangu wa gredi ya sita jana jioni alinivunjia heshima kwa penseli. Swali la kitabuni: sukari kilo 2 ni shilingi 300, robo kilo ni 45, ipi nafuu? Nikajikohoza kama mwenyekiti wa harambee.

"Zote zirudishe kwenye kilo moja, kijana. 300 gawa kwa 2, ni 150. Robo ziko nne, 45 mara 4, ni 180. Umeona?"

Akaandika. Akainua uso. "Sasa mbona sisi hununua robo?"

Huyo hulala saa tatu. Jana alilala saa moja na nusu.

Leo Jumapili nimeamka na msimamo: vitu vya kupimapima basi! Nikashuka soko la Kibuye, Kisumu, nikapenya mpaka kwa mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, vifungo vyote vya shati nimefunga.

"Gorogoro, huo mkebe mkubwa?"

"300, jaduong'."

"Na kikopo?"

"50."

"Vikopo vingapi vinajaza gorogoro?"

Akaniangalia kama askari wa kanjo. "Unanunua ama unaandika?"

Nikasema tupime. Tukapima. Cha tano, cha sita, watu wanaanza kusimama. Cha nane ndipo ikajaa. Nikageukia umati: "Nane mara 50 ni 400! Gorogoro ni 300! Anayenunua kidogo anatozwa 100 zaidi!"

"Umepima bila kichuguu, ile ya kurundika juu," mama akasema, wala hajainuka. "Kastoma wangu humwekea kichuguu."

Tukamwaga, tukaanza upya na vichuguu. Saba. Mama akaitikisa gorogoro mara mbili, omena zikalala, nafasi ya kikopo ikarudi. Nane tena! Nikapinga kutikisa. Akauliza kama nyumbani kwangu tunapima bila kutikisa. Maana mahindi ni rahisi, gorogoro ni kilo mbili, kila mtu anajua, lakini omena ni samaki na hewa.

Ndipo mchoma mahindi akasema, "Mzee, hebu pindua hiyo gorogoro uone kitako."

Nikapindua. Kitako kilikuwa kimebonyezwa ndani kama kofia iliyokaliwa. Hesabu yangu yote, jamani! Shuleni nilifundishwa kugawa kwa mbili, kwa saba, hata kwa desimali. Kugawa kwa mkebe uliobonyea, hapana.

"Sawa, nipimie hiyo hiyo," nikasema kwa sauti ya mwenye mali. Nikaingiza mkono mfukoni. 180.

"Vikopo vitatu, mama."

"Na kichuguu?"

"Na kichuguu."

Nje, bodaboda aliyenileta kwa 50 akataka 80 kwa sababu ya wingu. Si mvua, wingu! Kilometa ni zile zile mbili: asubuhi 25 kila moja, adhuhuri 40. Nikatembea, na kiatu cha kulia kikaanza kucheka mbele. Fundi wa pale kona hushona kimoja 60, viwili 120. Huyo angalau hesabu yake imenyooka, ingawa kile cha kushoto cha viatu vyangu rasmi anacho tangu Pasaka.