Mifupa ya Kale ya Ghuba ya Winam: Ikae Nairobi au Irudi Kwetu?

Kila ugunduzi mpya unapotangazwa kutoka kandokando ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, watu wa Kisumu na Homa Bay huuliza: mbona mifupa hutoka kwetu na kuishia katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi? Swali lina uzito. Rusinga, Koru, Songhor na Kanjera ni majina yanayofahamika na wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, ulimwenguni kote, ilhali mtoto wa Mbita anaweza kumaliza shule bila kuona hata jino moja la mnyama aliyefukuliwa karibu na kwao. Hata Katiba ya 2010 inaziachia pande zote mbili nafasi ya kudai. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la makumbusho, na kuipa serikali ya kitaifa jukumu la mambo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa.

Wanaotaka mifupa irudi hawaongozwi na hisia tupu. Mwaka 1948, mtafiti Mary Leakey alipata katika kisiwa cha Rusinga fuvu la Proconsul, nyani asiye na mkia aliyeishi huko yapata miaka milioni 18 iliyopita. Lilisafirishwa kwa ndege hadi London, likakopeshwa huko kwa utafiti, na miongo ikapita kabla ya Kenya kulipata tena. Mtu anayejua kisa hicho ana haki ya kushuku anapoambiwa kwamba kitu chake kiko mahali salama zaidi. Tena usalama wenyewe haujawahi kuwa na hakika. Septemba 2018, moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake. Kuweka kila kitu chini ya paa moja ni hatari ya aina yake.

Upande wa pili nao una ushahidi mzito, na mwingi umetoka huku huku magharibi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wachimbaji walifukua mabaki ya mnyama mkubwa mla nyama katika eneo la Meswa Bridge, karibu na Muhoroni. Mabaki hayo yalikaa kwenye droo Nairobi hadi wanasayansi Matthew Borths na Nancy Stevens walipoyaeleza mwaka 2019 na kumpa mnyama huyo jina la Simbakubwa kutokaafrika. Hakuwa simba wala jamaa wa paka; alitoka katika ukoo wa wawindaji uliokwisha kutoweka duniani, na aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Uzito wake unakadiriwa kuwa kati ya kilo 280 na 1,500, kutegemea njia ya kukadiria. Vyombo vya habari vilishika ile namba kubwa. Binafsi naona pengo hilo ndilo la kuzingatia, kwa sababu linaonyesha jinsi taya na meno yasivyotosha mpaka yalinganishwe na mifupa mingine mingi.

Kulinganisha huko kunahitaji mkusanyiko mkubwa. Mwaka 1951, mtafiti Tom Whitworth alifukua katika shimo moja huko Rusinga sehemu za kiunzi cha Proconsul mchanga. Vipande kadhaa vya mnyama huyo huyo vilihifadhiwa pamoja na mifupa ya wanyama wengine, na havikutambuliwa hadi karibu miaka 30 baadaye, watafiti Alan Walker na Martin Pickford walipopekua makabati ya makumbusho ya Nairobi. Lau masanduku yale yangegawanywa kati ya miji mitatu, sidhani kama mkono ungekutana na mguu wake. Hoja hiyo sijaona aliyeijibu vizuri.

Hata hivyo, mzozo huu wa mahali pa kuweka mifupa unatusahaulisha ardhi iliyoitoa, na kisa cha Kanam ndicho kinachonifanya niseme hivyo. Mwaka 1932, Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wa mtafiti Louis Leakey (aliyekuja kuwa mume wa Mary), alipata kipande cha taya ya binadamu huko Kanam, kusini mwa ghuba. Leakey alidai ni cha kale mno, na mwaka uliofuata wanasayansi waliokutana Cambridge wakamkubalia. Kisha akaja mwanajiolojia Percy Boswell, mwanzoni mwa 1935, kujionea mahali penyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha. Vigingi vya chuma alivyopigilia kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji waliokuwa na matumizi yao ya chuma, mvua zilikuwa zimemomonyoa korongo, na picha iliyoonyeshwa kuwa ya Kanam ikabainika kuwa ya mahali pengine. Boswell aliandika hayo katika jarida la Nature, na sifa ya Leakey ikachafuka kwa miaka. Taya ilikuwa salama kabisa. Kilichopotea ni mahali ilipotoka, na bila hapo umri wake haukuweza kuthibitishwa.

Sioni sababu ya kuwalaumu wenyeji. Chuma kilikuwa na thamani kwao, na sielewi mtu angetarajia vipi vigingi vibaki bila mlinzi wa pale pale anayejua kazi yake. Lile shimo la Whitworth kule Rusinga nalo lilichunguzwa upya miaka ya 1980: watafiti waliporudi, waligundua kwamba shimo lile lilikuwa shina la mti wa kale lililokuwa na uwazi ndani, likajaa mifupa, na mingine ilikuwa bado imo. Hiyo ni kwa sababu mahali penyewe palikuwa pangali pakijulikana.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaotaka mifupa halisi ibaki katika ghala moja la kitaifa. Ila nakala zake kamili za plasta zinapaswa kuwa katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, na katika shule za Mbita na Muhoroni. Kariandusi, kule Nakuru, mashoka ya mawe yaliyogunduliwa na Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920 bado yanaonekana yakiwa chini pale pale yalipopatikana, na mgeni hupelekwa na mtu anayeyajua. Kaunti za Kisumu na Homa Bay zinaweza kuanza na hilo: kuajiri walinzi kutoka vijiji vyenyewe, kuwafundisha kuweka alama na kutunza ramani, na kuwalipa mwaka mzima badala ya kuwaita pale tu wageni wanapokuja kuchimba.