Likizo ya Familia Tanga: Samaki Hana Kosa, Angalia Mafuta na Glasi

Shule zikifungwa Juni na Desemba, familia nyingi hushika njia ya Tanga, na ushauri wanaopewa kuhusu chakula ni ule ule: acheni wali wa nazi, acheni mahamri, kuleni saladi. Siukubali. Anayefika Tanga akakwepa chakula cha pwani amejinyima sehemu nzuri ya safari, na mara nyingi kalori hazimpungukii, kwa sababu zile za ziada haziko anakozitafuta. Ziko kwenye mafuta ya kukaangia, kwenye glasi, na kwenye vitafunwa vya kusubiria chakula. Vidhibitini hivyo vitatu, na samaki na wali mle kwa amani.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki kutupiana maneno. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Gramu 1 ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kinabeba kama kalori 120, na mafuta yakishaingia ndani ya chakula huwezi kuyaona. Mahitaji ya mwanamke mtu mzima kwa siku ni takriban kalori 2,000 na ya mwanamume 2,500, yakipanda au kushuka kwa umri, umbo na kazi. Kwa hiyo vijiko vitatu vya mafuta ambavyo hukuvijua vinakula karibu moja ya sita ya siku ya mama mzima, na bado hajashiba chochote.

Chukua viazi. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina chini ya kalori 90. Gramu 100 za chipsi zina kama 300, kwa kuwa maji ya kiazi yametoka na mafuta yameingia. Sahani ya chipsi ya gramu 200 ni kalori 600 kabla hujaongeza kitu. Ikigeuka zege, yaani chipsi mayai, weka mayai mawili, kalori 140 au 150, na mafuta yanayomiminwa kwenye kikaango, kijiko kimoja au viwili. Umekaribia 900. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa mwendo wa kawaida anatumia kalori 200 hadi 300 kwa saa, ndiyo maana ile kauli ya "tutatembea jioni pale Raskazone ziishe" haitoshi. Tembeeni kwa sababu upepo wa bahari ni mzuri na watoto watalala vizuri.

Kuna jambo wengi hawalijui kuhusu chipsi: zinanyonya mafuta zaidi pale mafuta yasipokuwa na moto wa kutosha. Jioni wateja wakijaa, mpishi anamwaga viazi vingi kwa mpigo, moto wa mafuta unashuka, viazi vinakaa muda mrefu na kutoka vimelegea. Dalili unaziona kwenye sahani: chipsi zimelala na chini kuna kidimbwi kinachong'aa. Nenda mapema kabla ya msongamano, na umwombe mpishi azichuje vizuri kabla ya kupakua. Kwa watoto wawili wa shule ya msingi zege moja inatosha, pamoja na bakuli la kachumbari na kipande cha samaki. Sioni kwa nini mtoto wa miaka saba awekewe sahani ya mtu mzima.

Hapo ndipo kosa kubwa la familia linapoanzia: kila mtu kuagiza sahani yake. Chukua baba, mama na watoto watatu. Wakiagiza chipsi na samaki wa kukaanga kwa kila mtu, pamoja na soda ya mililita 350, kila sahani ni chipsi 600, samaki kama 400 na soda 150. Jumla ya meza ni kama kalori 5,750. Sasa waagize vya kuwekwa katikati: samaki wawili wa kilo moja moja wa kubanikwa, changu au kolekole, sahani mbili za wali mweupe, sahani mbili tu za chipsi, kachumbari ya kutosha, mchicha, na dafu moja kwa kila mtu. Nyama ya samaki hao, baada ya kutoa vichwa na miiba, ni kama kilo moja, kalori 1,300. Wali 800, chipsi 1,200, mboga na kachumbari 200, madafu 350. Jumla 3,850. Meza imepungukiwa na kalori 1,900 hivi, samaki wameongezeka, chipsi zimeonjwa na kila mtu, na hakuna aliyenyimwa. Kula sinia moja ni desturi ya pwani tangu zamani, na kwa familia iliyo likizo sijaona mpango bora kuliko huo.

Sasa nazi, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa zaidi. Ni kweli ina nguvu nyingi: nyama ya nazi moja iliyokomaa, ya ukubwa wa kati, ina kama kalori 1,400. Sehemu yake hubaki kwenye chicha, lakini mafuta mengi hutoka na tui la kwanza, lile zito. Nazi moja ikipikia watu wanne au watano mnagawana mzigo huo. Taabu huja pale mtu anapoweka tui juu ya tui: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kisamvu cha nazi na maharage ya nazi, vyote mlo mmoja. Chagua kimoja. Kama leo ni siku ya samaki wa kupaka, chukua wali mweupe au ugali, na mboga iwe mchicha usiotiwa tui. Kama wali wa nazi ndio uliokuleta, samaki awe wa kubanikwa au chukuchuku, ule wa ndimu, nyanya na pilipili bila mafuta. Mchuzi wa kupaka unaweza pia kuletwa kwenye bakuli lake, kila mtu akachota anachotaka.

Maneno ya kuagizia yana uzito wake, na yana wakati wake. Mwambie mhudumu kabla moto haujawashwa: "Dada, samaki tunaomba abanikwe, asipitishwe kwenye mafuta kwanza, na mchuzi uje pembeni." Sehemu nyingine samaki hukaangwa kidogo kabla ya kubanikwa ili asishike kwenye wavu, usipouliza hutajua. Kwa mama lishe aliyekuzidi umri, anza na shikamoo, kaa, uliza leo amepika nini, ndipo umwombe apunguze mafuta kwenye mboga yako. Ukimwambia chakula kimeshaiva, hana la kufanya, na unamfanya aone amekosea wakati hakukosea.

Samaki wa kubanikwa anachukua dakika 45 hadi saa nzima, na ndani ya saa hiyo ndipo mambo huharibika. Watoto wametoka majini wana njaa, meza ni tupu, mtu anaagiza sambusa na bhajia "za kutuliza". Sambusa moja ya nyama ya ukubwa wa kawaida ina kalori 120 hadi 150. Tatu kwa kila mtu ni kama mlo mwingine mzima, na samaki akifika nusu yake inabaki. Dawa ni kupiga simu au kupita mapema na kuagiza samaki kabla ya kuogelea, mkitoka majini chakula kiwe kinakaribia. Subira ikibaki, iwe ya muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, kipande kimoja kimoja, au supu ya pweza. Pweza aliyepikwa ana kama kalori 160 kwa gramu 100, na protini yake, karibu gramu 30, inashibisha kwelikweli.

Kuhusu glasi nitasema bila kulegeza. Soda ya nusu lita ina kama kalori 210, zote za sukari, na haimshibishi mtu. Juisi za kwenye mabaraza, ukwaju, embe, pasheni, huwa zimeongezwa sukari hata zikiitwa asilia, na juisi ya miwa ni sukari ya muwa wenyewe. Glasi moja ya juisi ya machungwa inakamua machungwa matatu au manne, wakati mtoto akipewa machungwa ya Muheza ayamenye na kuyala atatosheka na moja au mawili, pamoja na nyuzinyuzi zake. Dafu lina kalori 60 hadi 80 tu, linakata kiu, na Tanga halikosekani. Kwa anayekunywa bia, chupa ya nusu lita ni zaidi ya kalori 200, nayo inaita mishkaki na chipsi za usiku. Kanuni yangu kwa familia: maji mezani kwanza, kinywaji kitamu kimoja kwa siku kwa kila mtu, na mwenye kukinywa achague mwenyewe saa yake. Bebeni maji ya lita moja na nusu kwa kila mtu kwenye ndoo yenye mfuniko na barafu. Watoto wenye kiu ufukweni huomba kile wanachokiona, na kinachoonekana ni soda na askrimu.

Asubuhi, mahamri na mbaazi. Wengi huziondoa mbaazi wakabaki na mahamri kwa chai, nami nashauri kinyume chake. Mbaazi za nazi zina protini na nyuzinyuzi, zitakupeleka hadi mchana. Hamri moja la gramu 60 lina kama kalori 200 za unga, sukari na mafuta. Kula mbaazi bakuli zima na hamri moja, mawili ukiwa na siku ndefu, na sukari ya chai iletwe pembeni: kijiko kidogo kimoja ni kalori 16, na kikombe cha kumiminiwa huwa na vitatu au vinne. Mnaolala hotelini penye meza ya kujipakulia, zunguka kwanza mikono mitupu uone kilichopo, ndipo uchukue sahani. Wanaoanza kupakua kwenye kona ya kwanza hujaza mkate na soseji kabla hawajaona mayai na matunda.

Usiruke kifungua kinywa ili "kuweka nafasi" ya usiku. Mtu aliyekaa na njaa hadi saa mbili usiku anaagiza kwa macho, anakula haraka, na anamalizia na chipsi za watoto. Hayo mabaki ya watoto ni kalori za wazazi zisizohesabiwa na yeyote, waombeni wahudumu wayafunge mwende nayo.

Siku ya mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini, au safari ya Pangani, ibebeeni chakula: mayai ya kuchemsha, machungwa, ndizi, mihogo ya kuchemsha, na mtindi mtupu uliopoa. Tanga ni mkoa wa maziwa, mtindi mzuri unapatikana, ila soma lebo: uliotiwa ladha huwa umetiwa na sukari. Korosho ni nzuri ukizipima kwa kiganja, maana gramu 30 ni kama kalori 170, na pakiti ikipita kwenye gari huisha bila mtu kujua nani amekula.

Mkialikwa kwa ndugu, mambo hubadilika. Huko utaongezewa, utake usitake, na kukataa kunaumiza. Pakua kidogo mara ya kwanza, ili ukisukumiwa sinia mara ya pili uwe na nafasi ya kupokea kwa furaha.

Watoto wasihesabiwe kalori, na wasisikie mtu akisema mbele ya meza kwamba fulani amenenepa. Mtoto anayekua na kuogelea anahitaji chakula, wajibu wa mzazi ni kuchagua kinachoingia mezani na saa ya kula, na kumwachia mtoto aamue kiasi cha kushiba. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi. Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga ghafla wala kuruka mlo, hasa siku ya kuogelea, kwani sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Dozi na mlo apange na daktari wake kabla ya safari, na abebe kitu kitamu mfukoni.

Mkirudi, msikimbilie mizani kesho yake. Chakula chenye chumvi na wanga mwingi hushikilia maji mwilini, na kilo mbili zinazoonekana asubuhi ile nyingi ni maji. Kuweka kilo moja ya mafuta mwilini kunahitaji ziada ya takriban kalori 7,700: aliyezidisha kalori 800 kwa siku tano amepata kama nusu kilo. Rudini kwenye mlo wa nyumbani siku ile ile mliyofika, bila kujifungisha kwa adhabu, na mpime baada ya siku saba hadi kumi, asubuhi kabla ya chai.