Sema Umekadiria au Umebahatisha, Usiniambie Estimeti

Wiki iliyopita paa la mama limeniliza, na si kwa sababu ya mvua peke yake.

Masika yalipoanza kubisha hodi tukaona upande wa jikoni hauna maisha tena. Wenye wazee wao Kisauni, Mombasa, mnajua chumvi ya bahari inavyokula mabati, miaka michache tu bati limekuwa kama karatasi. Tukachanga ndugu wote, kaka yetu akatuma cha kwake kutoka Doha, tukaita fundi. Akaja, akasimama uani, akakinga jua kwa kiganja, akatazama juu kama dakika mbili hivi, akasema, "Dada, estimeti ni 45,000, leba humo humo." Hakupanda ngazi. Tepu haikutoka mfukoni. Sisi tukapanga pesa zetu kwa hiyo 45,000. Siku ya tatu, paa lishafunguliwa, liko wazi kabisa, ndo ananiambia mbao zimeliwa na mchwa na mabati hayatoshi, yatakiwa 33,000 nyingine. Nikamuuliza mbona hukusema mapema. Akanijibu kwa utulivu, wala hakukasirika, "Lakini dada, si nilikwambia ile ilikuwa estimeti?"

Usiku ule mvua ikashuka. Mama akalala sebuleni kwenye mkeka, jikoni tumetega karai mbili na ndoo, na mimi niko macho nasikiza matone nalifikiria lile neno moja. Mbao kuliwa na mchwa hakuna wa kulaumiwa. Kinachoniuma ni kwamba yule bwana hakuwahi kuniambia ile namba kaitoa wapi, na mimi sikumuuliza sababu neno lenyewe lilinitosheleza, lilisikika kama kitu cha mtu aliyesomea kazi yake.

Sasa angesema Kiswahili ingekuwaje? Angalikuwa hana budi kuchagua. Angesema "nimekadiria", ningemwambia haya nionyeshe, sababu kukadiria kuna kazi ndani yake. Unapima urefu wa paa, unagawa kwa upana wa bati ukitoa pale yanapopandana, unahesabu mbao, unaongeza misumari na usafiri, ndo unapata kadirio. Angesema "nakisia", ningejua ameangalia kwa jicho la mtu mzoefu, kisia na kiasi ni neno moja na nduguye, ana kipimo kichwani lakini hajakishika mkononi. Ningeweka akiba pembeni. Na angesema "nabahatisha tu dada", wallahi ningemshukuru, ningemwambia basi panda kwanza uangalie. Estimeti imeyafunika yote matatu kwa shuka moja, na chini ya hiyo shuka mtu anaweza kujificha atakavyo.

Babangu alikuwa akitusimulia habari za babu, alikuwa baharia wa majahazi. Chombo kikikaribia mwamba, nahodha anauliza maji yako kiasi gani. Babu akiwa ameshusha bildi, ile risasi ya kamba, anaivuta huku anaipima kwa mikono, mikono ikinyooka kabisa kifua wazi hiyo ni pima moja, kama futi 6, anaita, "Pima nne!" Lakini ikiwa hajashusha, ameona tu maji yamegeuka rangi kutoka buluu nzito kuwa kijani, haiti hivo. Anasema, "Nakisia pima nne." Namba ni ile ile. Nahodha akisikia la kwanza anaendelea, akisikia la pili anapunguza tanga. Babangu akifika hapo alikuwa akinyoosha mikono yake kutuonyesha, vidole vinatetemeka kidogo kwa uzee, na mimi nilikuwa namkodolea macho naona kama maji yenyewe yako pale barazani. Watu wote mle chomboni, mizigo, watoto wanaowangoja nyumbani, wamebebwa na tofauti ya kitenzi kimoja.

Ndo maana siwezi kukubali nikiambiwa ni mambo ya maneno tu.

Na hili neno kadiria si neno dogo. Mwezi mwandamo wa Ramadhani ukizibwa na mawingu, hadithi ya Mtume inasema ukadirieni, na wanavyuoni wengi wakaeleza ni kukamilisha siku 30, yaani hata pale jicho limeshindwa pana hesabu ya kufuata, si kila mtu aamke na lake. Kwenye serikali pia. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 221, inataka makadirio ya mapato na matumizi yafike Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla mwaka wa fedha kuisha, na mwaka wetu unaisha 30 Juni, kwa hivo mwisho wa Aprili yawe yamefika. Ni makadirio, ndio, yanaweza kubadilika, lakini yanaletwa mezani watu wayapekue mstari kwa mstari. Sasa iwe serikali yatakiwa ionyeshe hesabu yake halafu fundi wa jikoni ya mama yangu asionyeshe?

Kutathmini ni jambo jingine, pale unaangalia thamani ya kitu, gari lililogongwa au shamba. Kubashiri ni kwa mambo ambayo hayajatokea. Kudhani ni kwa moyo, mtu hajengi nyumba kwa kudhani.

Haya, najua kuna mtu atasema kadiria yenyewe tumeichukua kwa Waarabu, kisia vile vile, tathmini vile vile. Kweli, sikatai. Mimi mwenyewe kazini nasema estimeti mara kumi kwa siku. Lakini yale ya Kiarabu tulipoyachukua tulikuja nayo pamoja na tofauti zake, tukayalea, yakazaa kadirio na makisio. Hata Waingereza wenyewe hawana neno moja tu. "Guess" ni yule asiye na msingi. "Reckon" lina hesabu ndani yake, mabaharia wao walijua chombo kiko wapi kwa kuhesabu mwendo, saa na uelekeo, wakaita hivo. Na "estimate" lilitoka Kilatini likiwa na maana ya kukipa kitu thamani yake. Tena kwenye kazi za ujenzi wanatenganisha, "estimate" ni makadirio yanayoweza kusogea, "quotation" ni bei mtu anayoishikilia ukikubali. Sisi tukachukua lile linalosogea, la kushikilia hatulisikii midomoni mwa mafundi.

Mama mwenyewe hatumii hata moja katika haya ya Kizungu. Akipika wali anatumbukiza kidole juu ya mchele, maji yakifika pingili ya kwanza basi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza umejuaje, akasema, "Mwanangu, hapa sibahatishi, nakisia, mchele huu naujua. Ukija mchele mgeni napima kwa kikombe." Asubuhi ile baada ya mvua, akiwa anakunja mkeka, hakumtukana fundi. Aliuliza tu, "Kwani yeye alipima?"

Ijumaa baada ya swala ameletwa fundi mwengine, mzee wa Majengo, rafiki wa ami. Akaomba ngazi kabla hata ya chai. Akapanda, akafunua tepu, akaniita nimshikie upande wa pili, akaandika na penseli kwenye kipande cha mbao. Aliposhuka akasema, "Mama, mabati na mbao za upande huu nimekadiria, 29,500, hizo nazisimamia. Upande wa bafu nakisia kama 6,000 hivi, sababu dari sijaifungua na sitaki kukwambia uongo. Jumamosi nikifungua utakuja uangalie na macho yako."

Kile kipande cha mbao nimekiweka juu ya friji.