Deni Lililovikwa Undugu: Geisha wa Kyoto na Mabinti Wetu

Ndugu zangu wa Tanga wanapokumbuka kwamba naishi Kyoto, Japani, swali lao la kwanza huwa juu ya geisha, wanawake wanaoburudisha wageni kwa ngoma na nyimbo, na karibu kila anayeuliza huwa na jibu lake tayari: ama geisha ni kahaba aliyevikwa hariri, ama ni malkia wa utamaduni anayekula raha na matajiri. Majibu yote mawili hunisikitisha, kwa sababu yanamsahau msichana mwenyewe na kazi yake. Kwa maoni yangu, geisha ni msanii aliyesomea ufundi wake kwa miaka mingi, na dhuluma aliyotendewa haikutokana na ngoma wala na mapenzi. Ilitokana na deni, na deni hilo lilikubalika kwa urahisi kwa kuwa lilivikwa undugu. Katika jambo hilo Wajapani na sisi watu wa Afrika Mashariki tunafanana kuliko tunavyopenda kukiri.

Kyoto ina mitaa mitano ya geisha, nayo ni Gion Kobu, Gion Higashi, Pontocho, Miyagawacho na Kamishichiken. Huko huitwa geiko, na mwanagenzi huitwa maiko. Binti anaweza kuingia akiwa na miaka 15, mara tu amalizapo elimu ya lazima. Huhamia okiya, nyumba inayosimamiwa na mwanamke ambaye atamwita mama, kisha hupewa dada mkubwa, yaani geiko mwenye uzoefu wa kumwongoza, na undugu wao hufungwa kwa kunywa sake, pombe ya mchele, mafundo matatu matatu katika vikombe vitatu, kama wafanyavyo bwana na bibi harusi. Jina jipya la kazi kwa kawaida hubeba herufi kutoka katika jina la dada huyo. Anafundishwa kucheza, kuimba, kupiga shamisen (ala ya nyuzi tatu), kuandaa chai na kusema kwa lafudhi ya Kyoto. Nywele zake husukwa zikiwa zake mwenyewe, hivyo hulazimika kulalia mto wa juu na mgumu ili zisiharibike, na wako wanaobaki na upara mdogo utosini kwa maisha yao yote. Kimono, masomo, chakula na malazi hulipiwa na okiya. Yeye hapewi mshahara. Hupewa pesa ya mfukoni kwa muda wa miaka mitano au sita, huku mapato ya kila usiku anaokwenda kuburudisha wageni yakiingia katika hesabu za nyumba.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, na hapa nataka kukaa kidogo. Baba aliyeshindwa na ukame au kodi alipokea fedha mapema kutoka okiya, na binti yake akawa rehani. Gharama za mavazi na masomo ziliongezwa juu ya mkopo ule, kiasi kwamba jinsi msichana alivyopambwa ndivyo alivyozidi kudaiwa. Mwaka 1872 meli ya Peru iliyoitwa Maria Luz ilitia nanga Yokohama ikiwa na vibarua wa Kichina waliokuwa wakitendewa kama watumwa. Japani ilipoamua kuwafungua, wakili wa nahodha alijibu kwamba Japani yenyewe huuza wasichana wake kwa mikataba ya namna hiyohiyo. Aibu ile ilizaa amri ya mwaka huohuo ya kuwaachilia makahaba na geisha, na maelezo ya Wizara ya Sheria yalisema kwamba watu hao walikuwa wamenyang'anywa haki za binadamu wakawa kama ng'ombe na farasi, na kwa kuwa hakuna mtu anayemdai ng'ombe, wao pia wasidaiwe. Maneno hayo ni makali na hayana heshima, lakini mamlaka ilikuwa imetamka kwamba deni lile ni batili.

Hata hivyo mkopo ulirudi kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa umaskini wa vijijini haukuondolewa na amri. Umaskini huohuo uliwasafirisha wasichana wa Amakusa na Shimabara, kusini-magharibi mwa Japani, ambao hawakuwa geisha bali waliuzwa katika umalaya, hadi bandari za mbali ikiwemo Unguja, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 Wajapani wa kike walikuwa wakiishi Mji Mkongwe. Watu wetu wachache sana wanalijua hilo. Sheria ya kazi ya mwaka 1947 ndiyo iliyomkataza mwajiri kukata mkopo wa kutanguliza kutoka katika ujira, na mwaka 1955 Mahakama ya Juu ya Japani ikaamua, katika kesi ya binti aliyewekwa na baba yake kuhudumia walevi, kwamba mkopo wa namna hiyo ni batili wote na haurudishwi.

Kuhusu ushindani, watu hupenda kusimulia wivu wa wanawake kana kwamba ni maumbile yao. Mimi naona ni mpango. Kila tarehe 7 Januari, katika sherehe ya kufungua mwaka ya Gion Kobu, wale walioingiza mapato makubwa zaidi hupewa tuzo mbele ya wenzao. Pia mwenye okiya huweza kumchagua msichana mmoja, akamlea kama binti wa kisheria na kumrithisha nyumba. Watoto wa kike wanaokula chungu kimoja wakiwekwa katika hali hiyo, watashindana tu. Kwetu pwani wanawake walishindana pia, tena vikali: vyama vya lelemama vya Mombasa vilitunishiana misuli kwa mavazi, kwa vyakula na kwa maneno ya nyimbo, na vikundi vya taarabu vya Unguja vikafuata mwendo huohuo. Tofauti ni kwamba vyama vile vilikuwa mali ya wanawake wenyewe. Aliyeshindwa alirudi nyumbani kwake akiwa na hasira, lakini hakurudi kwenye nyumba iliyokuwa ikimdai.

Mapenzi nayo yalipita katika hesabu hizohizo. Mfadhili, ambaye huitwa danna, alikuwa mwanamume tajiri, mara nyingi mwenye mke, aliyegharimia geisha na pengine kumkomboa kutoka okiya. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Kato Yuki, geiko wa Gion aliyeolewa mwaka 1904 na George Morgan, Mmarekani wa ukoo maarufu wa mabenki, ambaye inasimuliwa kwamba alilipa yeni 40,000 ili kumkomboa. Magazeti ya Japani yalimkejeli kwa kujiuza kwa mgeni, ilhali biashara ya kumkomboa geisha ilikuwa ya Wajapani wenyewe. Aliishi Marekani, kisha Ufaransa, akafiwa na mume mwaka 1915, na mwaka 1938 akarudi kuishi Kyoto. Mimi niliyehama kwetu namwelewa mwanamke huyo: ugenini alitazamwa kama pambo kutoka mbali, na kwao walimtazama kama aliyepotea.

Kisa cha pili ni cha mwaka 1989. Uno Sosuke aliingia uwaziri mkuu mwezi Juni, na mara geisha mmoja wa Tokyo akaeleza hadharani kwamba Uno alikuwa akimlipa yeni 300,000 kwa mwezi ili awe mwanamke wake, na kwamba Uno alimdharau. Chama chake kilishindwa vibaya katika uchaguzi wa Julai, naye akajiuzulu Agosti. Wengi katika ulimwengu wa geisha walimlaumu mwanamke yule kwa kuvunja ukimya wa kazi yao, na mimi nasema alikuwa na haki ya kusema. Siri inayomlinda mteja peke yake haistahili kuitwa heshima.

Mwaka 2022 aliyekuwa maiko wa Kyoto alieleza mtandaoni kwamba akiwa na miaka 16 alinyweshwa pombe, katika nchi ambayo umri halali wa kunywa ni miaka 20, na kwamba wateja walitaka aoge nao. Wako waliomwamini na wako waliosema anaharibu jina la mji. Mji wenyewe, kwa upande mwingine, umejitahidi kuwalinda maiko dhidi ya watalii wanaowafukuza kwa kamera, hata mwaka 2024 wakazi wa Gion wakawafungia watalii vichochoro vya watu binafsi. Natamani nguvu hiyohiyo ingetumika kuhoji mambo yanayotendeka ndani ya milango.

Ndugu zangu wanaposikia haya husema Wajapani ni wakatili. Nami huwauliza kuhusu binti aliyeletwa kutoka Lushoto au Singida kufanya kazi katika nyumba zetu za Dar es Salaam na Tanga. Anatuita mama na baba, tunasema ni kama mtoto wetu, na kwa kuwa ni kama mtoto wetu, mshahara wake hutumwa kwa wazazi wake au huahirishwa hadi Idi. Huko Oman, ambako binamu na majirani zetu wameenda kutafuta riziki, mwajiri hulipa wakala, na msichana akitaka kuondoka huambiwa arudishe fedha zile kwanza. Sioni namna tunavyoweza kuulaani mkopo wa okiya na kuuridhia huu.

Hoja ninayoisikia pande zote mbili ni kwamba ujira na mkataba vitaua malezi, kwamba binti atakuwa mfanyakazi wa kawaida na upendo wa nyumba utakwisha. Geiko wenyewe wanalikanusha hilo. Akishamaliza muda wake, geiko hujitegemea, hukodi nyumba yake, hununua kimono zake na hupokea malipo yake mwenyewe, na bado anamheshimu dada yake mkubwa na mama wa okiya, na kila tarehe 1 Agosti huwazungukia walimu wake kuwasalimu. Huyo ndiye anayecheza vizuri zaidi kila Aprili katika ngoma za Miyako Odori. Tanzania nayo ina amri ya kima cha chini cha mshahara inayomtaja mfanyakazi wa nyumbani, pamoja na yule anayelala kwa mwajiri. Nimewaomba shangazi zangu walipe kiwango hicho, wamkabidhi binti mwenyewe mkononi, na wampe siku ya mapumziko kila wiki. Wawili wamekubali, na wa tatu bado tunazungumza naye.