Je, Sanders alionewa mwaka 2020?

Tarehe 22 Februari 2020 Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, alishinda jimbo la Nevada kwa kishindo, na mchujo wa urais wa chama cha Democratic huko Marekani ukaonekana kumwangukia yeye. Joe Biden alikuwa ameshika nafasi ya nne Iowa na ya tano New Hampshire. Siku kumi baadaye, Jumanne Kuu ya 3 Machi, majimbo 14 yalipiga kura na Biden akachukua 10.

Katikati hapo Pete Buttigieg na Amy Klobuchar, wote wa msimamo wa kati, walijitoa na kumuunga mkono Biden. Wafuasi wengi wa Sanders wanaamini wakubwa wa chama walikaa wakampangia. Wana hoja, kwani Elizabeth Warren, aliyekaribiana naye kisera, hakujitoa hadi 5 Machi, hivyo kura za mrengo wa kushoto ziligawanyika siku ileile wapinzani walipoungana.

Lakini hata Biden aliliwa kura. Bilionea Mike Bloomberg, aliyeingia kutoka pembeni na kuyaruka majimbo manne ya mwanzo, alimwaga takribani dola bilioni 1 akitafuta wapiga kura walewale wa kati. Aliambulia ushindi wa American Samoa tu, visiwa vidogo vilivyo chini ya Marekani, akajitoa kesho yake.

Kwangu mimi, jambo lililoamua ni South Carolina, 29 Februari. Siku tatu kabla, mbunge James Clyburn, mzee anayeheshimika sana na Wamarekani weusi wa jimbo hilo, alimuunga mkono Biden. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura pale walikuwa weusi. Biden alipata karibu asilimia 49, Sanders hakufikisha 20. Sanders alikuwa ameshashindwa vibaya jimboni humo na Hillary Clinton mwaka 2016, na alikuwa na miaka minne ya kwenda kuwasikiliza watu wale. Hilo hakupangiwa na mtu.

Tena alitegemea mno wapinzani wabaki wengi. Donald Trump alifaidika hivyo mwaka 2016: huko huko South Carolina alipata asilimia 32.5 tu na kuzoa wajumbe wote 50 wa Republican (wajumbe ndio humteua mgombea wa chama), huku Marco Rubio na Ted Cruz wakigawana kura za wengine. Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano kwa kila anayevuka asilimia 15. Kwa kanuni hiyo, theluthi moja ya kura haikupi wajumbe wote.

Kinachoniuma ni kwamba sera kuu ya Sanders haikukataliwa. Texas, wengi wa waliohojiwa wakitoka vituoni walitaka bima moja ya afya ya serikali badala ya bima binafsi. Texas hiyohiyo ilimpa ushindi Biden, aliyeipinga bima hiyo, kwa sababu wengi walitafuta kwanza mtu wa kumwangusha Trump.