Willie O'Ree Aheshimiwe Kama Mchezaji

Juma lililopita mpwa wangu, anayecheza hoki ya barafuni huko Toronto, aliniuliza swali ambalo halijanitoka rohoni. Nilikuwa nikimsimulia habari za Willie O'Ree, mtu Mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya NHL, naye akafungua simu, akatazama takwimu na kusema, "Mjomba, mechi 45 tu? Na magoli manne?" Simlaumu mtoto, kwa sababu hata watu wazima wanaompenda O'Ree humsimulia hivyo hivyo. Hutaja usiku wa tarehe 18 Januari 1958, alipoingia uwanjani Montreal akiwa amevaa jezi ya Boston Bruins, kisha huruka moja kwa moja hadi kwenye medali za uzeeni.

Kilichorukwa hapo ni zaidi ya miaka 20 ya kazi, na kazi hiyo aliifanya kwa jicho moja. Miaka miwili kabla ya usiku ule, akiwa bado katika ligi ya vijana, kile kisahani cha mpira mgumu kilimpiga usoni na kumpofusha jicho la kulia. Daktari alimwambia kwamba hatacheza tena. Yeye akarudi barafuni baada ya wiki chache na kuifanya habari hiyo siri, kwani kanuni za NHL hazikumruhusu mchezaji wa jicho moja. Sasa mfikirie mtu huyo akicheza winga ya kushoto: karibu uwanja wote uko kuliani kwake, pasi zinatoka kuliani, na mabeki wanaokuja kumgonga wanatokea upande huo huo ambao haoni. Ilimlazimu kugeuza shingo hadi juu ya bega ili aone kitu ambacho mwenzake alikiona kwa kutupa jicho mara moja, na shingo ikigeuka hivyo, mwendo hupungua. Nilimwomba mpwa wangu afumbe jicho la kulia mazoezini, ateleze upande wa kushoto, na mwenzake ampe pasi. Tatu za kwanza zilimpita mbele ya gongo. Ya nne aliiona, lakini alikuwa ameshaufikia ukuta wa uwanja.

Nakiri, tena kwa shingo upande, kwamba magoli manne na pasi 10 za magoli si hesabu ya mshambuliaji mkubwa. Hata hivyo, NHL ya wakati huo ilikuwa na timu sita tu, na kila nafasi iligombewa na wachezaji wengi wenye macho mawili. Matusi ya rangi aliyoyasikia viwanjani ni jambo linalojulikana. Mweusi wa pili hakuingia katika ligi hiyo hadi mwaka 1974.

Ninalotaka lisomwe zaidi ni sura ya California. Baada ya kuuzwa na Boston, O'Ree aliishia Los Angeles Blades, katika ligi ya magharibi, ambako kocha alimhamishia winga ya kulia. Uwanja wote ukawa sasa upande wa jicho zima. Msimu wa 1964-65 alifunga magoli 38, na baadaye akaendelea kuwafungia mashabiki wa San Diego kwa miaka mingi, hadi alipostaafu mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 43.

Mwaka 2018 alipoingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki, aliingizwa katika kundi la wajenzi wa mchezo, kwa kazi yake ya kuwafungulia watoto wa kila rangi milango ya viwanja vya barafu. Kazi hiyo ni kubwa na nafurahi ilitambuliwa, lakini huniuma kwamba hakuingizwa katika kundi la wachezaji. Januari 2022, Boston walipoipandisha jezi yake namba 22 darini ili isivaliwe tena na mtu mwingine, alikuwa na miaka 86 na aliitazama sherehe hiyo kwa video akiwa San Diego, mji uleule alioufungia magoli.