Krismasi ya Wazee Kusini mwa Texas: Nani Amemwacha Nani?

Ukifanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kama tunavyofanya Waafrika Mashariki wengi, mada hii utaisikia kila Novemba inapokaribia kwisha. Binti analalamika kwamba wazazi wake wamefunga nyumba, wametoa maji kwenye mabomba yasije yakaganda na kuyapasua, wamevuta karavani lao, yaani nyumba ya magurudumu, siku tatu barabarani hadi karibu na mpaka wa Mexico, na hawatarudi mpaka theluji iyeyuke. "Krismasi yote wanakula na watu baki," anasema. Sisi tuliokulia mahali ambapo Desemba ni mwezi wa kurudi kwa wazazi, ambapo Mchagga wa Dar es Salaam hubana matumizi mwaka mzima ili apande Moshi na watoto, lalamiko hilo linatuingia upesi. Huku wanaoondoka ni wazee, na wanaobaki nyumbani ni watoto.

Nilianza nikiwa upande wa binti. Siko huko tena, ingawa na wazazi nao nina neno.

Wanakokwenda ni Bonde la Rio Grande, ukanda wa mwisho kabisa wa Texas, kuanzia Mission na McAllen hadi Harlingen na Brownsville. Mchana wa Desemba huko joto huzunguka nyuzi 20 au zaidi, wakati mji wetu wa Minneapolis mchana huohuo uko chini ya sifuri. Wenyeji wamewapa wageni hawa jina, "Watexas wa majira ya baridi", na wengi hutoka Minnesota, Iowa, Wisconsin, Michigan na Canada. Hufikia kwenye kambi za nyumba za magurudumu, zile wanazoziita RV. Kila kiwanja kina umeme, maji na bomba la majitaka. Baadhi ya nyumba hizo zina magurudumu ya jina tu: ni vibanda visivyozidi futi za mraba 400, vimejengewa baraza na kupandiwa miti ya machungwa, na havitahama tena. Katikati ya kambi kuna ukumbi, na ukumbi huo ndio moyo wa mahali pale. Humo wanacheza dansi, wanashona mablanketi ya viraka, wanachonga mbao, wanapiga gitaa pamoja. Nje kuna viwanja vya pikoboli, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi, na vya ule mchezo wa kusukuma visahani kwa fimbo ndefu.

Sikukuu yenyewe huandaliwa na wakazi. Kila nyumba huja na sufuria yake ukumbini. Magari madogo ya gofu hupambwa taa na kuzungushwa kambini usiku. Na kwa kuwa Bonde ni nchi ya watu wenye asili ya Mexico, kuna tamale za kununua kwa dazeni, unga wa mahindi uliojazwa nyama na kufungwa kwenye maganda ya mahindi, na kuna Posadas, maandamano ya kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba ambamo watu hupita mlango hadi mlango wakiimba, kuwakumbuka Yosefu na Maria walipokuwa wakitafuta pa kulala.

Binti husahau kwamba Krismasi ni siku moja na baridi ni miezi mitano. Nimewaona wazee waliobaki. Mtoto anakuja tarehe 25, anakaa hadi jioni, anaosha vyombo, anaondoka. Kisha inakuja Januari. Barafu imefunika ngazi, jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, na bibi wa miaka 78 anaogopa hata kutoka kuchukua barua, kwa sababu kuanguka mara moja na kuvunjika nyonga kunaweza kumfikisha moja kwa moja tunakofanya kazi sisi. Kambini, mzee asipofungua pazia hadi saa nne asubuhi, jirani anakuja kugonga. Hapo ndipo nilipobadili mawazo. Mtu anayeonwa kila asubuhi hajatupwa, hata kama wanaomwona si damu yake.

Pesa nazo zina hoja. Medicare, bima ya serikali ya wazee, kwa kawaida hailipii matibabu ya meno. Ukivuka daraja kwa miguu kutoka Progreso hadi mji wa Nuevo Progreso, upande wa Mexico, utakuta mtaa mzima wa madaktari wa meno, maduka ya dawa na ya miwani, kwa bei ambazo mstaafu wa kawaida anazimudu. Kwa wengine safari ya kusini ndiyo njia pekee ya kupata meno ya kulia hiyo Krismasi.

Hata hivyo, jirani anayegonga mlango asubuhi hawezi kukuogesha. Maisha ya kambi yamejengwa kwa mtu anayeendesha gari, mwenye macho mazuri, na mara nyingi mwenye mwenzi. Mmoja akifariki au akianza kupoteza kumbukumbu, mpango wote unayumba. Hili wasafiri wenyewe walilitambua zamani: klabu ya Escapees, iliyoanzishwa mwaka 1978, ina kituo huko Livingston, mashariki mwa Texas, ambako mzee asiyeweza tena kusafiri hubaki ndani ya karavani lake mwenyewe huku akipata chakula na uangalizi wa mchana. Ni wazo zuri sana. Lakini kambi nyingi za Bonde hazina kitu kama hicho, na mzee hurudishwa kaskazini akiwa mgonjwa, kwa binti yuleyule ambaye kwa miaka kumi hakushirikishwa katika mpango wowote. Uchungu wa binti, kwa sehemu kubwa, unatoka hapo kuliko kwenye meza ya Krismasi.

Halafu kuna ardhi. Nyumba ni yako, kiwanja unakodi. Mwenye kambi akipandisha kodi au akiuza, kibanda chenye baraza na michungwa hakihamishiki kwa urahisi. Florida wameliona hilo kwa ukali zaidi: kimbunga Ian kilipopiga Fort Myers Beach mwezi Septemba 2022, kambi zilizokaa ufukweni kwa miongo zilifagiliwa, na ardhi ya mojawapo ikaenda kwa waendelezaji. Majirani waliokula Krismasi pamoja miaka yote hiyo walitawanyika. Wacanada wana hofu nyingine pia. Mkazi wa Ontario akizidisha siku 212 nje ya jimbo katika miezi 12 anaweza kupoteza bima yake ya afya, na tangu Aprili 2025 Marekani inawataka wanaokaa siku 30 au zaidi wajiandikishe.

Jambo linaloniuma zaidi ni watoto. Kambi nyingi ni za watu wa miaka 55 na kuendelea. Mwaka 1988 sheria ya makazi ya Marekani ilikataza kubagua familia zenye watoto, lakini ikaacha mlango kwa makazi ya wazee, na sheria ya 1995 ikaweka kipimo: angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja aliyefikisha miaka 55. Juu ya hapo kambi huongeza kanuni zao, na moja ya kawaida ni kikomo cha siku ambazo mjukuu anaweza kulala, pamoja na saa zake za kuingia bwawani.

Naelewa sababu. Watu wazima wamelipia utulivu, na wengi walilea kwa miaka thelathini. Lakini kipimo cha asilimia 80 kinawahusu wakazi, na mjukuu aliyekuja wiki mbili za likizo ni mgeni. Sheria haiilazimishi kambi kumhesabia siku. Uongozi ungeweza, kuanzia tarehe 15 Desemba hadi mwaka mpya, kuondoa kikomo hicho, kufungua bwawa siku nzima, na kutenga viwanja vichache kwa familia zinazokuja kwa gari, bila kuhatarisha hadhi yake ya makazi ya wazee hata kidogo.

Na wazazi nao wangeweza kumpigia binti simu mwezi Septemba, kabla ya nauli ya ndege ya McAllen kupanda, wakamwambia: njoo huku na watoto, tumekupangia pa kulala. Wengi wa niliowahudumia hawakuwahi kupiga simu hiyo, kwa kuwa walidhani binti hatataka kuja. Naye alikuwa Minnesota akisubiri kualikwa.